Askari, Uhamisho na Daftari la Kijiji

Yapo madaftari mawili ambayo askari wetu wengi huyachukulia kuwa ni kitu kimoja. La kwanza ni daftari la taifa la wapiga kura, linalotunzwa na Tume ya Uchaguzi, na ambalo tangu uchaguzi mkuu wa 2016 limekuwa likitokana na kumbukumbu za vitambulisho vya taifa. Kwa daftari hilo huchaguliwa Rais, wabunge, wenyeviti wa wilaya na wale wa tarafa ndogo. La pili ni daftari la wakazi wa kijiji, ambamo huandikwa raia wa miaka 18 na zaidi wanaoishi pale pale kijijini. Hilo ndilo hutumika kumchagua mwenyekiti wa LC1. Mtu aweza kuwamo katika daftari la kwanza kwa miaka mingi, kitambulisho kikiwa mfukoni mwake, wala jina lake lisionekane hata mara moja katika la pili.

Jambo hili linamhusu kila raia, lakini linamgusa zaidi mtu aliyevaa sare. Askari wa Gulu huamriwa kwenda Mbarara, na kabla mkewe hajajua duka la chumvi liko wapi, huitwa Moroto. Amepanga vyumba viwili nje ya kambi kwa kuwa nyumba za kambini hazikutosha. Watoto wake wanasoma shule ya pale. Maji anateka kisima cha pale. Siku wanakijiji wanapoitwa kumchagua kiongozi wao, yeye huonekana mgeni mahali anapoishi, na huko alikotoka pia ameshafutwa kwa kuwa haishi tena.

Wapo watakaouliza kama mwenyekiti wa kijiji ni mtu mkubwa kiasi cha kumfanya askari ahangaike. Na tuone. Kijana wa afande anayetaka kujiunga na polisi huulizwa barua ya LC1. Mke anayeomba pasipoti huulizwa barua hiyo hiyo. Mtuhumiwa anapoombewa dhamana, wadhamini wake huja nayo. Mtu anayenunua kiwanja cha kujengea atakapostaafu humtafuta mwenyekiti awe shahidi. Kamati ya kijiji ina wajumbe 10, na mmoja wao ni katibu wa ulinzi, ambaye polisi wa doria humgongea mlango kabla ya mwingine yeyote wanapoingia kijijini usiku. Mbunge twamwona mara chache. Huyu twamwona kila siku.

Mabaraza haya yana historia ambayo askari wa zamani wanaijua vyema. Baada ya vita vya 1979 utaratibu wa nyumba kumi kumi, uliokuwa umezoeleka Tanzania, uliingia kwetu kwa jina la mayumba kumi. Kisha vikaja vita vya msituni vya Luweero, ambako kamati za vijiji ziliundwa kuwasaidia wapiganaji kwa chakula na habari. Kuanzia 1986 kamati hizo zilienezwa nchi nzima zikiitwa RC; sheria ya 1987 ikazipa mamlaka, na Katiba ya 1995 ikazipa jina la LC tunalolitumia. Tangu mwanzo uchaguzi wake wa kijiji ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, na watu wakahesabiwa mchana kweupe.

Lakini baada ya uchaguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mstari haukupangwa tena kwa muda mrefu mno. Nchi ilirudi katika vyama vingi, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba mabaraza ya vijiji na parokia, yaliyochaguliwa chini ya utaratibu usio wa vyama, hayakuwa tena halali katika mfumo mpya. Uchaguzi mwingine haukufanyika hadi tarehe 10 Julai 2018. Katika miaka hiyo yote wenyeviti waliendelea kugonga mihuri yao, wengine wakafa, wengine wakahama, na mahali pengine muhuri ukabaki kwa mjane.

Polisi ndio waliobeba mzigo wa hali hiyo, ingawa haikusemwa sana. LC2, baraza la parokia, ndilo hatua ya kwanza ya kusikiliza mashauri ya ardhi ya kimila. Baraza lisilo halali likitoa hukumu, aliyeshindwa hukata rufaa, na mahakama za juu zilitengua hukumu za namna hiyo kwa sababu hiyo hiyo: waliokaa kuhukumu hawakuwa na mamlaka. Mpaka wa shamba uliokuwa umekwisha kuamuliwa ukafunguliwa upya. Ndugu wawili waliokwisha kunyamaza wakashika mapanga. Na anayeitwa saa nane za usiku kwenda kuwatenganisha si hakimu wala wakili, ni konstebo mwenye pikipiki moja na tochi. Ndiyo maana twasema kuwa uhalali wa uchaguzi mdogo ni suala la usalama, na kwamba askari asiyeujali anajitengenezea kazi ya kesho.

Uchaguzi wa 2018 ulikuwa umepangwa Novemba 2017, ukaahirishwa. Ulipofika, ulihusu vijiji zaidi ya 60,000 kwa siku moja. Waliochaguliwa vijijini ndio waliokutana baadaye kuwachagua viongozi wa LC2. Kwa hiyo aliyesimama kwenye mstari wa kijiji alikuwa, bila ya kufikiri sana, anamchagua pia atakayeamua mpaka wa shamba lake. Katika vijiji vingi kazi ilikwisha kwa utulivu. Penginepo palizuka ugomvi, na shina la ugomvi lilikuwa moja: nani ni mkazi? Watu walilalamika kuwa wageni wameletwa kujaza mstari, au kwamba aliyehesabiwa huku amezunguka akahesabiwa kule. Polisi aliyesimama pale hana uwezo wa kujua kwa sura nani amelala kijijini na nani ameshushwa asubuhi. Daftari lililobandikwa mapema, likasomwa na wenyewe na kusahihishwa, ndilo linalomwezesha kusema kwa ufupi, jina lako halimo, ondoka mstarini. Bila ya daftari hubaki na fimbo tu.

Kuna ugumu mwingine ambao twaona ni haki kuutaja. Katiba yetu inataka majeshi yasiwe na upande wa chama. Katika kura ya siri askari humchagua ampendaye, na siri hiyo humlinda yeye pamoja na sare yake. Katika mstari, kijiji kizima humwona amesimama nyuma ya nani, na wagombea wengine hudhaminiwa na vyama. Jirani zetu wa Kenya waliuonja mlolongo katika mchujo wa KANU wa mwaka 1988, ambapo aliyepata zaidi ya asilimia 70 mstarini alihesabiwa amepita bila kupingwa. Miaka miwili kabla yake viongozi wa makanisa walikuwa wamekwisha kulalamika kwamba mchungaji hawezi kujipanga nyuma ya mwanasiasa mmoja mbele ya waumini wake wote. Utaratibu huo uliachwa muda mfupi baadaye. Kwetu mstari ulirudishwa kwa marekebisho ya sheria ya 2015, na sifa yake kubwa ni unafuu: hauhitaji karatasi wala sanduku. Kwa maoni yetu unafuu huo unamgharimu askari kuliko raia. Hata hivyo anayekwenda bila sare, bila silaha, akasimama akahesabiwa na kurudi nyumbani bila kupiga kelele, hajavunja kiapo chake.

Tukitazama mahudhurio, uchaguzi mkuu wa 2016 ulivuta takriban asilimia 68 ya walioandikishwa, na ule wa 2021 takriban asilimia 59. Wenyeviti wa wilaya walichaguliwa siku 6 baada ya kura ya Rais, na mara zote mbili vituo vilionekana vitupu mno kuliko siku ya kwanza. Mahudhurio ya mstari wa kijiji ni magumu kuyapima, kwa kuwa mstari hauachi vipande vya karatasi. Kenya imeliepuka tatizo hilo kwa kuweka kura 6 siku moja, za Rais hadi mwakilishi wa wadi, hivi kwamba anayekuja kwa ajili ya mkubwa humchagua na mdogo. Ila mzee wa kijiji hapigiwi kura. Tanzania huchagua viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, tena kwa kura ya siri, na kwa orodha ya wakazi isiyo ile ya daftari la kudumu. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura Novemba 27. Huko nako ilibidi wananchi waelezwe mara kwa mara kuwa kadi ya mpiga kura haitoshi.

Muhula wa waliochaguliwa 2018 ulikuwa wa miaka 5. Ulipokwisha Julai 2023 haukufuatwa na uchaguzi, uliongezwa. Askari aliyehamishwa katika kipindi hicho huenda hajaandikwa popote kijijini, na hawezi kungoja tangazo la siku ya mstari ndipo aanze kujitambulisha. Anayeripoti katika kituo kipya hupeleka karatasi zake kwa mkuu wa kituo siku ile ile. Akishapata nyumba nje ya kambi, na apite kwa mwenyekiti yeye na mkewe, wataje majina yao na chumba wanachokaa, na orodha itakapobandikwa aende mwenyewe kuisoma, maana karani aliyeandika jina lake huenda hakulisikia vizuri.