Nyandarua: Mlima Inakunywesha Kanairo

Kama wewe ni msee wa Kanairo, hii mlima umekuwa ukiikunywa tangu ukiwa mtoi. Maji mob ya mfereji, iwe keja yako iko Umoja, Kangemi ama Roysa, hutoka kwa mito inashuka Nyandarua ikijaza bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na ingine Sasumua pale Kinangop. Mvua ikikataa huko juu, huku chini mitungi ndio zinaanza kuuzwa bei mbaya. Lakini uliza mbogi yoyote wikendi form ni gani, utaskia Naivasha, Diani, alafu Naivasha tena. Mi nadai mayut waanze kupanda hii mlima, juu ni yetu, iko karibu, na wasee wengi wa mtaa hawajawahi ikanyaga.

Ramani mob zinaiita Aberdare, jina ya lodi wa Uingereza ambayo Joseph Thomson aliibandika 1884. Wenyeji walikuwa na Nyandarua kitambo, na mi nabaki na hiyo. Ni safu ndefu, karibu kilomita 160. Kaskazini kuna Satima, inagonga karibu mita 4,000, mlima ya tatu kwa urefu Kenya baada ya Kirinyaga (Mlima Kenya) na Elgon. Kusini kuna Kinangop, mita 3,906. Katikati ni nyasi ndefu, ukungu, na mito inaanzia hapo ikiwa midogo unaeza ruka na hatua moja.

Kama mwili haijazoea kupanda, anza na barabara. Shika haiwei ya Naivasha, ukifika Fly Over ukate kulia uende Njabini, Engineer, Ndunyu Njeru mpaka Ol Kalou. Ni lami, so hata probox ya mzae inatosha. Mkono ya kulia mlima inakufuata njia yote, na pande zote ni mashamba ya waru, kabichi na karoti. Simama Engineer ununue waru kwa wale wamathe wa kando ya barabara. Hapo ndio dishi ya soko zetu hutoka, na hawa watu wanastahili doo yako kuliko supamaketi.

Lakini njia yenyewe, ile ya kukufanya unyamaze kwa ndai, ni ya kukata mbuga ya Aberdare. Unapanda kutoka Ndunyu Njeru hadi geti ya Mutubio, unapitia mianzi imefunga mpaka jua inapotea, alafu ghafla uko juu ya mita 3,000 na hakuna mti. Ni nyasi za manjano, upepo, na labda ndovu imesimama kwa ukungu kama nyumba imesahaulika. Ukiendelea mashariki unashukia Nyeri kupitia Ruhuruini ama Kiandongoro. Hapo kati kuna Karuru, maporomoko inaanguka kwa ngazi tatu, jumla mita 273. Unaiskia kabla uione. Hii safari inataka 4x4 na dere ametulia, juu ikinyesha hiyo njia inageuka sabuni.

Kuna mpango ya kuweka lami kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru, ipite katikati ya hii msitu, na kesi imefika kortini. Naelewa mkulima wa Kinangop anadai njia fupi ya kufikisha kabichi Nyeri. Yeye hutumia saa mob kuzunguka mlima, na mzigo inaoza. Lakini lori zikianza kupita huko usiku na mchana, ndovu, bongo na hiyo mito yetu ndio watalipa. Mi niko upande wa msitu. Mkulima atengenezewe barabara za kuzunguka, zikuwe smuu, na huko juu kubaki na murram yake.

Sasa kupanda. Wasee wengi wa Kanairo huanza na Elephant Hill, juu unaeza toka tao alfajiri na urudi keja usiku. Unaanzia stesheni ya msitu pale Njabini, unapewa renja ako na bunduki, juu nyati na ndovu ndio wenye mtaa. Mwanzo ni shamba na miti, poa tu. Alafu mianzi inaanza, na matope inakuvuta raba. Mahali mianzi inaisha, wapandaji wamepaita Point of Despair, na ni ukweli wasee wengi hugeukia hapo. Ukisonga, unatokea mgongo wa ndovu, karibu mita 3,600. Siku iko wazi unaona Ziwa Naivasha na Longonot upande mmoja, na Sasumua inang'aa hapo chini. Usidanganywe ati ni haiki ya kuanzia. Ni ngumu, ni siku mzima, na kichwa inaeza kuuma juu ya urefu. Fanya Ngong kwanza, ufanye tena, ndio uje.

Jinzi na hudi ya pamba wacha kejani. Zikinyeshewa hazikauki, na baridi ya huko hufanya msee anatetemeka mpaka anashindwa kubonga. Beba reinkoti, sweta ya sufu, soksi za kubadilisha, maji na dishi ya nguvu kama nduma ama chapo.

Na ukiwa ndani ya hiyo mianzi, jua nani walilala hapo. Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, waliishi huu msitu miaka, wakinyeshewa, wakipigwa mabomu na ndege za Waingereza. Treetops, ile hoteli Elizabeth wa Uingereza alikuwa 1952 babake, mfalme, akikufa, Mau Mau waliichoma 1954. Kiongozi wao Dedan Kimathi alipigwa risasi akashikwa ukingoni mwa msitu 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti Februari 1957. Sanamu yake pale tao tunaitumianga kama mahali ya kukutana. Ukishapanda hiyo baridi na koti mbili, utaipita ukiiangalia kivingine.

Huu msitu umesimama juu watu walijitolea. Fensi ya stima ya karibu kilomita 400, ilianza 1989 ikaisha 2009, shirika la Rhino Ark wakishikana na KWS na wanakijiji. Imesaidia mashamba yasiliwe na ndovu, na ikafanya kukata miti kukuwe ngumu.

Miezi fiti ni Januari na Februari, alafu Julai hadi Septemba. Seti mbogi, pigeni simu stesheni ya msitu mapema mpate renja, mbuga mlipie eCitizen kabla mtoke. Msiwashe moto kwa nyasi kavu, huko juu moto ikishika hukula siku kadhaa. Na kila chupa mmepanda nayo mshuke nayo, juu hayo maji yanakuja kwa mfereji yenu.