Mwalimu wa Muziki Mwanza: Sauti, Sahani na Kurudi Shule

Mwalimu wa muziki jijini Mwanza kwa kawaida huajiriwa kufundisha kitu kingine. Barua yake ya ajira husema Kiswahili, Historia, au masomo yote ya darasa la tatu. Muziki anaujua kwa sababu alikulia kwenye kwaya, au kwa sababu alipita Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana nchini kwa kuandaa walimu wa muziki, sanaa na michezo. Shule ikishagundua kwamba anaweza kupanga sauti nne, hana tena pa kujificha. Mahafali ni yake, ugeni wa mkuu wa wilaya ni wake, na mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) au ya sekondari (UMISSETA) yakikaribia, kwaya na ngoma ni zake pia.

Siku huanza na muziki kabla hata ya kipindi cha kwanza. Katika shule nyingi wanafunzi hukimbia mchakamchaka, na mchakamchaka usio na wimbo ni mbio tu: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, na miguu ndiyo inayoshika mapigo. Kisha mstarini huimbwa wimbo wa taifa. Wanaouimba kila asubuhi ni nadra kuambiwa kwamba mtunzi wake naye alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliutunga mwaka 1897, akiwa anafundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, na Tanganyika iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka 1961. Mwenye sikio anajua ugonjwa wa wimbo huo pale mstarini: ukianzishwa juu mno, wavulana wa kidato cha pili wanakwama katikati, ukianzishwa chini mno, watoto wadogo hawasikiki kabisa. Ndiyo maana walimu wengi hutafuta sauti ya kuanzia kwenye kinanda cha simu ya mkononi kabla ya kuinua mkono.

Darasani mambo ni ya kawaida zaidi: azimio la kazi, andalio la somo, ubao, chaki na madawati yaliyojaa. Kwa muda mrefu muziki wa shule ya msingi ulikuwa umefichwa ndani ya Stadi za Kazi, somo lililouchanganya na mapishi na ushonaji, na mara nyingi ulirukwa. Mtaala wa mwaka 2023, ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta somo la Sanaa na Michezo. Jina peke yake halinunui kinanda. Hata hivyo, kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba ni silaha nzuri kwa mwalimu ambaye zamani aliambiwa asubiri mpaka mitihani iishe.

Kinachowezesha muziki kufundishwa bila vifaa ni sofa, yaani nota za herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huo ulikuzwa Uingereza katikati ya karne ya 19 na mchungaji John Curwen, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, na ukafika Afrika Mashariki na wamisionari. Umedumu kwa sababu ni rahisi kuuandika. Nota za mistari mitano zinataka karatasi maalumu na jicho lililozoezwa. Sofa inaandikika ubaoni, inachapika kwa taipureta, na siku hizi inatumwa kwenye kundi la kwaya kwa simu. Tena katika sofa “do” huhama kulingana na wimbo, kwa hiyo mwimbaji hujifunza umbali kati ya sauti na sauti badala ya kukariri majina. Udhaifu wake huonekana kwa mwanafunzi anayefanya mtihani wa Muziki kidato cha nne, au anayetaka kupiga ala: hapo mistari mitano haikwepeki.

Hazina kubwa zaidi ya mwalimu wa Mwanza, hata hivyo, haiko kwenye karatasi. Usukuma, nchi ya Wasukuma inayouzunguka mji huu, ni nchi ya nyimbo za kazi. Vikundi vya bugobogobo vililima na kupalilia kwa ngoma kubwa, wachezaji wakirusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mapigo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu enzi za waasisi wao Ngika na Gumha, na ushindani wenyewe una kanuni ya kikatili kidogo: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na linalovuta watu wengi zaidi ndilo limeshinda. Mtafiti Mmarekani Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300 katika kitabu chake cha mwaka 2010. Ni ajabu kwamba mtoto wa Igoma au Buhongwa anaweza kumaliza shule akijua nyimbo za Krismasi za Ulaya bila kujua hata mmoja wa nyimbo hizo.

Tiba ya hilo iko karibu. Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Musoma, ina Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Zimo ngoma za watemi, vifaa vya vyama vya ngoma na historia ya Bagika na Bagalu, na mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi ambayo huko huitwa Bulabo, hufanyika mashindano ya ngoma. Clement aliingiza ngoma kanisani wakati ambapo wengi waliiona kuwa mali ya shetani. Msimamo rasmi wa Kanisa Katoliki ulikuja baadaye, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya liturujia Desemba 1963 na kutaka muziki wa asili wa kila taifa uheshimiwe. Nchini, Padri Stephen Mbunga alikuwa tayari ametunga Misa Baba Yetu mwaka 1959. Mwalimu anayepeleka darasa lake Bujora kwa siku moja huwa amefundisha zaidi ya alichofundisha kwa muhula mzima.

Saa za kazi za shule zikiisha, huanza kazi ya pili. Jioni kuna mazoezi ya kwaya, ya Wakatoliki, ya Walutheri, ya Kanisa la AIC. Wasabato hujiandaa kwa Jumamosi. Na katika madrasa kuna mwalimu mwingine, asiyeitwa wa muziki, anayefundisha kasida kwa dufu. Wengine hupiga kinanda harusini au huingia studio kurekodi na kwaya. Kipato hiki ni cha msimu, nacho hupungua sana wakati wa Kwaresima, harusi zinaposimama.

Ratiba hiyo ndiyo inayopanga chakula. Asubuhi mwalimu hutoka na chai tu, au bila hata hiyo, na mlo wa kwanza wa kweli ni chai ya saa nne ofisini: maandazi, chapati, mihogo ya kuchemsha au viazi vitamu, mara nyingi kwa michango ya walimu wenyewe. Mchana ni makande ya shule au sahani ya mama lishe. Kando ya ziwa sahani hiyo huwa ugali, wa mahindi au wa muhogo, pamoja na sato, dagaa au furu. Sangara aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita alijenga viwanda vya minofu vya Mwanza, lakini minofu husafirishwa nje. Kwa miaka mingi kilichobaki kwa mwenye kipato kidogo ni mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, ambayo yakikaangwa vizuri hayana aibu. Dagaa nao hufuata mwezi: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali huadimika na bei hupanda.

Mazoezi ya kwaya yakiisha saa mbili usiku, ugali wa jioni huliwa saa tatu na mlaji hulala muda mfupi baadaye. Kwa mtu anayeishi kwa koo lake hilo ni kosa kubwa kuliko maji baridi yanayolaumiwa siku zote. Tumbo lililojaa likilazwa, tindikali hupanda na kuunguza eneo la nyuzi za sauti, na asubuhi mwalimu huamka na sauti inayokwaruza, akidhani ni mafua. Tangawizi, asali na limau hulainisha koo, lakini kinachomezwa hakipiti kwenye nyuzi za sauti zenyewe. Nyuzi hizo husaidiwa na maji yanayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima. Mayai mabichi, dawa ya wanakwaya wengi, hayana faida hiyo na yanaweza kuleta ugonjwa wa kuhara. Vumbi la chaki na kupaza sauti mbele ya darasa kubwa huchosha koo kuliko wimbo wowote.

Likizo ya Desemba wengi huimalizia kwao: Magu, Misungwi, Sengerema, Ukerewe. Krismasi ikipita huanza safari ya kurudi. Wa Ukerewe hupanda meli Nansio, na wa Sengerema, waliozoea foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, tangu Juni 2025 huvuka kwa daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Mizigoni huwamo michembe na matobolwa. Yote ni viazi vitamu: michembe ni vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, matobolwa ni vilivyochemshwa kwanza. Kwa chai au karanga hukata njaa ya Januari, mwezi wa sare mpya, madaftari na mshahara ulioliwa na sikukuu. Shuleni nako kwaya inaanza upya. Waliohitimu wameondoka na sauti zao, na mvulana aliyeimba alto Novemba anaweza kurudi Januari akiwa na besi isiyotulia. Mwalimu mzuri hamfukuzi. Humpa mstari mfupi, katika sauti chache anazozimudu, mpaka koo litulie.

Kurudi shule kwa mwalimu mwenyewe ni safari nyingine. Sera ya elimu toleo la 2023 imeweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha mwalimu, na wenye cheti wamelazimika kujiendeleza. Anayetaka shahada bila kuacha kazi hujiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, au husoma katika chuo kikuu cha SAUT, Malimbe, lakini huko atasoma ualimu, lugha au utawala. Anayetaka muziki wenyewe huliacha ziwa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TaSUBa ya Bagamoyo iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, au Makumira karibu na Arusha. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Zinahitajika ruhusa ya mwajiri, mtu wa kushika vipindi na familia inayokubali, na mwalimu wa kike mwenye watoto wadogo huahirisha zaidi ya mwenzake wa kiume.

Wanaorudi na shahada hubadilishiwa daraja la mshahara kwa utaratibu wa mwajiri, ingawa si lazima wabadilishiwe kazi. Sekondari zenye somo la Muziki ni chache, hivyo wengi hupangiwa Kiswahili au Kiingereza na kuachiwa kwaya kama zamani. Walio na bahati hupelekwa kwenye vyuo vya ualimu, ambako walichojifunza Dar es Salaam au Makumira huwafikia watu watakaofundisha Sanaa na Michezo Kwimba, Ukerewe na Geita.