Mbwa wa Nyumbani na Jamaa Zake wa Mwituni



Hatuna budi kuanza na neno lenyewe, kwa maana hapo ndipo wengi hupotea. Biblia yetu ya Kiswahili yataja mbwa mwitu mara nyingi. Yakobo alimfananisha mwanawe Benyamini na mnyama huyo. Isaya aliona siku ambayo atakaa pamoja na mwana-kondoo. Naye Bwana Yesu alionya juu ya manabii wa uongo waliojivika ngozi ya kondoo. Mkristo wa Keroka au wa Ogembo asikiapo jina hilo, humwazia yule mnyama wa madoadoa, mwenye masikio makubwa ya mviringo, anayewinda kwa kundi katika mbuga za Umaasaini. Lakini siye. Aliyewasumbua wachungaji wa Palestina ni mnyama mwingine, wa rangi ya kijivu au ya hudhurungi, na hata leo yuko katika nchi zile. Huku kwetu hakuwako, wala hakuwa na jina. Waliotafsiri wakampa jina la jirani. Hatuwalaumu, maana wangemwitaje?

Jambo hili si la wenye kamusi peke yao. Mbwa alalaye mlangoni petu, ambaye kwa Ekegusii twamwita esese, ni wa ukoo wa yule wa Palestina, wala si wa huyu wa madoadoa. Ukitaka kuhakikisha, tazama mguu wake wa mbele. Mbwa wa nyumbani ana vidole 5, na cha tano kiko juu kidogo, hakigusi ardhi. Yule wa madoadoa anavyo 4 tu. Hawa wawili waliachana mamilioni ya miaka iliyopita, na hawazaliani. Bali mbwa wa nyumbani akikutana na mbwa mwitu wa kijivu huzaa naye, na watoto wao nao huzaa.

Na bweha je? Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza urithi wa damu walivumbua kwamba bweha wa rangi ya dhahabu wa Afrika, hata wale wa Kenya, si ndugu wa bweha wanaofanana nao kule Asia. Wako karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu. Kumbe tumekuwa na mbwa mwitu wetu siku zote, tukimwita bweha!

Sasa, ilikuwaje mnyama mkali akaja kulala mlangoni? Mbwa hakutokana na mbwa mwitu wanaoishi leo. Mbwa na mbwa mwitu wa kijivu ni wajukuu wa babu mmoja wa kale, ambaye hayupo tena. Huko Ujerumani, mahali paitwapo Oberkassel karibu na Bonn, mwaka 1914 lilifukuliwa kaburi lenye umri wa miaka 14,000 hivi. Ndani yake walilala mwanamume, mwanamke, na mbwa mchanga. Wataalamu walipochunguza meno ya mbwa yule waliona alama za ugonjwa mkali uliomshika alipokuwa mdogo, ugonjwa ambao asingeupona bila mtu wa kumtunza. Yaani miaka maelfu kabla ya mtu yeyote kufuga ng'ombe au kupanda wimbi, alikuwako mtu aliyekaa na mbwa mgonjwa akimpa maji.

Na walikula pamoja. Yule mama Mkanaani alimjibu Bwana kwamba hata mbwa hupata makombo yaangukayo chini ya meza. Na neno la Kiyunani lililotumika pale ni la mbwa wadogo wa nyumbani. Makombo hayo yameandikwa ndani ya mwili wa mbwa. Mwaka 2013 wataalamu wa Uswidi walionyesha kwamba mbwa mwitu ana nakala 2 tu za kirithi kinachomsaidia kumeng'enya wanga, lakini mbwa wa nyumbani anazo kuanzia 4 hata 30. Kwa hiyo mbwa wa Nyamira hula obokima akashiba, ambapo mbwa mwitu angedhoofika.

Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko hiyo imo machoni. Huko Budapest, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2003, mbwa na mbwa mwitu waliolelewa na watu kwa namna moja walifundishwa kupata nyama, kisha njia ya kuipata ikazibwa. Mbwa mwitu waliendelea kung'ang'ana wenyewe. Mbwa walijaribu kidogo, wakageuka, wakamtazama mtu usoni.

Kutazama huko kwa kiasi fulani mbwa huzaliwa nako, ila kwahitaji kulelewa. Kuanzia juma la 3 hata juma la 12 hivi, mtoto wa mbwa hujifunza ni nani jamaa yake. Akishikwa na kusemeshwa katika majuma hayo, mwanadamu atakuwa wa kwao maisha yake yote. Akitupwa nyuma ya ghala mpaka amekua, ndipo afungwe mnyororo mchana kutwa ili awe mkali, atamwogopa mtu, na mbwa mwenye hofu huuma. Tumesikia wazee wakisema kwamba mbwa wa namna hiyo amerudia umwitu. Sisi hatukubali. Mbwa mwitu wa porini humkimbia mwanadamu. Mbwa huyu hana porini pa kukimbilia, hasa kwetu Gusii ambako boma limegusana na boma.

Ukaribu wa damu una upande wake mchungu, nao ni magonjwa. Wakaao Nyangusu wako jirani na Trans Mara, na ng'ambo yake ni mbuga za Mara. Mwaka 1989, karibu na Aitong, kundi la wale mbwa mwitu wa madoadoa liliangamizwa na kichaa cha mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa, ule ule wanaodhani ulimshika mbwa wa Oberkassel, uliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti na Mara, na asili yake ilikuwa mbwa wa vijijini. Nasi twapenda kuwaita mbwa wetu Simba! Juu ya milima ya Bale, Ethiopia, wako mbwa mwitu wekundu, jamaa wa karibu wa mbwa wetu, ambao duniani kote hawafiki 500. Kichaa kilichotoka kwa mbwa wa wafugaji kimewaua mara kadhaa, mwaka 2003 na tena 2008. Tangu 2018 wataalamu huwawekea chanjo ndani ya vipande vya nyama ya mbuzi.

Kichaa hicho hicho huingia nyumbani mwetu. Katika kila watu 100 wanaokufa kwa kichaa duniani, 99 walikipata kwa mbwa, na wengi ni watoto. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna aponaye. Kwa hiyo mtoto akiumwa, jeraha lioshwe mara hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, wala lisipakwe dawa ya majani wala mafuta, kisha apelekwe hospitali siku ile ile apate sindano, na azimalize zote. Mama asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kenya imejiwekea mwaka 2030 uwe mwisho wa watu kufa kwa ugonjwa huu. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kupita. Chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka. Siku ya daktari wa mifugo ikitangazwa kanisani, mbwa apelekwe kwa kamba, na amshike mtu mzima anayemjua, si mtoto wa miaka 6.