Ushanga mweupe

Nilikwenda Mwadingusha, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuandika habari za umeme. Kilichonifuata hadi nyumbani ni mkufu wa plastiki.

Ya umeme yanajulikana. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilizuia mto Lufira, kituo kikaanza kazi mwaka 1930, na nyuma ya bwawa likajitandaza ziwa Tshangalele. Mitambo ilichakaa, ikakarabatiwa, na mwaka 2021 ikarudi kazini na megawati zaidi ya 70 kulisha gridi inayoendesha mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula.

Mkufu niliukuta mezani kwa muuguzi mmoja wa uzazi, mama wa makamo ambaye hakutaka jina lake litajwe. Una shanga 32. Mmoja ni mwekundu. Unafuatwa na sita za kahawia, kisha 12 nyeupe, kisha 13 za kahawia tena, na katikati ya hizo mmoja umekolea kuliko wenzake. Juu ya mkufu kuna kipete cha mpira mweusi, kinachobana kiasi kwamba lazima ukisukume kwa kidole gumba. Siku mwanamke anapoona mwezi wake, anakiweka kwenye ule mwekundu. Kila asubuhi anakisogeza ushanga mmoja, upande unakoelekea mshale ulio kwenye mkufu.

Muuguzi aliuziba mkufu kwa viganja vyake, akaniita nichungulie. Mle gizani, shanga nyeupe zilikuwa zinang'aa.

"Sasa niambie," akasema, "mutoto anaingiaka wapi?"

Nikagusa zile za kahawia zinazofuata nyekundu. Nimezaa mara mbili, na maisha yangu yote nimeamini kwamba mimba hutunga mara tu damu inapokauka. Muuguzi hakushangaa. Alisema wanawake wengi anaowauliza huweka kidole palepale, na waume zao pia.

"Hapana, mwana yangu. Njo mu hizi nyeupe."

Akaeleza kwa mfano wa mgeni na mwenye nyumba. Yai la mwanamke likitoka halizidi saa 24, halafu limekwisha. Mbegu ya mwanamume ina subira zaidi, inaweza kungoja mlangoni hadi siku tano. Kwa hiyo siku za kweli za kushika mimba ni sita hivi katika kila mwezi. Lakini yai halina saa ya kengele: mwezi huu linawahi, mwezi ujao linachelewa. Ndiyo maana shanga nyeupe zikawa 12 badala ya sita. Hesabu hiyo ilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2002. Kati ya wanawake 100 walioufuata mkufu kwa usahihi kwa mwaka mzima, wakiziepuka siku za nyeupe, watano walipata mimba. Kwa matumizi ya kawaida, yenye kusahau na kukosea, ni 12. Kongo ni mojawapo ya nchi ambako mkufu huo ulisambazwa kwa upana, sambamba na Rwanda, Mali, India na Guatemala.

Ni rangi iliyonikosesha usingizi. Katika lugha ya shanga ya bibi zetu, kuanzia pwani hadi kwa Wabemba, nyekundu ni katazo na nyeupe ni ruhusa. Mke akiweka nyekundu kitandani, mume anajua ageuke ukutani. Ikirudi nyeupe, mwili ni safi na mlango uko wazi. Ni mazungumzo mazuri ya watu wasiotaka kutamka jambo la aibu. Sasa mkufu huu umekuja na nyeupe inayosema ngoja. Mwenye kuusoma kwa macho ya bibi yake atausoma kinyume.

Nilimuuliza muuguzi anavukaje hapo. Alisema haanzi na rangi, anaanza na chumvi. Katika jamii nyingi za ukanda ule, mwanamke aliye mwezini hatii chumvi kwenye chakula cha mume. "Bwana anaonja mboga, anajua. Basi namwambia: wewe baba, siku mboga imekosa chumvi, hesabu moja. Ukifika nane, nyeupe zimeanza. Ukifika kumi na tisa, zinaisha." Mume akishahesabu mwenyewe, anasema, hagombani tena na mkufu.

Sikutarajia kwamba mila ya kumtenga mwanamke jikoni ingegeuka kalenda ya mumewe. Sijui nifurahi au nihuzunike.

Muuguzi hampi kila mtu. Anayefaa ni yule ambaye mwezi wake huwa na siku 26 hadi 32. Damu ikija kabla kipete hakijafika kwenye ushanga uliokolea, mwezi ni mfupi mno. Isipokuja kufikia siku inayofuata ushanga wa mwisho, ni mrefu mno. Ikitokea zaidi ya mara moja kwa mwaka, atafutiwe njia nyingine. Anayenyonyesha angoje mwezi utulie kwanza. Na mkufu haukingi Ukimwi. Ukiondoa hao wote, wanabaki wachache kuliko nilivyodhani, katika nchi ambako utafiti wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango ni asilimia 8 tu.

Tuliita siku za shanga nyeupe "za hatari" mara kadhaa, hadi muuguzi akanikatiza. Wapo, alisema, wanaokuja kwake wakilia kwa sababu hawajazaa, wameitwa tasa na mawifi, kumbe mume hushinda machimboni na hurudi nyumbani wakati nyeupe zimekwisha. Kwa hao anafungua mkufu uleule. "Hawa naambiaka: msiogope nyeupe, mzingoje."

Kuna niliyouliza yasiyojibiwa. Mume akirudi siku ya kumi baada ya wiki tatu kazini, mke ana nguvu gani ya kumwonyesha kipete? Na msichana ambaye hajaolewa, nani atamketisha na kumhesabia? Muuguzi alitazama dirishani, kisha akasema foleni ni ndefu.

Msomaji, usikisie nilivyokisia mimi. Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya kwanza ya hesabu. Ushanga mweupe wa kwanza ni siku ya 8, wa mwisho ni siku ya 19.