Kura ya Nafasi: Montessori katika Shule za Serikali za Milwaukee

Neno Montessori linapotajwa katika miji yetu, fikra ya kwanza aghalabu huwa ni ada. Limebandikwa kwenye vibao vya shule nyingi za awali za kulipia, hata wengi wetu tumelichukua kuwa ni jina jingine la shule ya wenye nacho. Asili yake sivyo. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyehitimu mjini Rome mwaka 1896, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa mafukara wa mji huo. Aliokabidhiwa ni watoto wa vibarua, ambao wazazi wao walishinda kazini nao wakibaki kutwa bila mwangalizi.

Tumependa kulitazama suala hili huko Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kwa kuwa huko mfumo huu umo ndani ya shule za serikali. Mwaka 1976 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba shule za mji ule zilikuwa zimewatenga watoto weusi na weupe kinyume cha katiba. Katika kuwachanganya, zilifunguliwa shule za mafunzo maalumu ambazo mzazi wa upande wowote wa mji angetamani kumpeleka mwanawe kwa hiari. Shule za Montessori zikawa miongoni mwa hizo.

Darasa lenyewe ni la namna gani? Watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa pamoja, na mkubwa humwonyesha mdogo, jambo lisilo geni kwa aliyesoma chuoni mwetu, ambako aliyetangulia humshikisha mwenziwe alifu. Mtoto hupapasa kwa kidole herufi zilizokatwa kwa msasa kabla ya kuziandika. Hesabu huishika mkononi: ushanga mmoja ni moja, kijiti cha shanga kumi ni kumi, bapa la shanga mia ni mia, na mchemraba wa shanga elfu moja humlemea mkono akajua kwa nini elfu si sawa na mia. Kila kifaa kimewekwa kimoja tu, hivyo anayekitaka hungoja zamu yake. Kazi huendelea kwa muda wa hadi saa tatu bila kengele ya kuikatiza. Mwenye kudhani kuwa huo ni uhuru wa kuchezacheza hajakaa darasani humo kwa asubuhi nzima.

Ama lililoufanya mji ule kutajwa sana na wataalamu ni kura. Waombaji walipozidi nafasi, watoto walichaguliwa kwa kura. Nasi twasema kura hiyo si kamari, bali ni kura ile ijulikanayo na mafakihi, ya kuamua baina ya wenye haki sawa. Faida yake kielimu ni kubwa: waliopata na waliokosa wote ni watoto wa wazazi walioomba, basi haiwezi kusemwa kwamba tofauti yao imeletwa na bidii ya wazazi tu. Angeline Lillard na Nicole Else-Quest waliwapima watoto 59 waliopata na 53 waliokosa, wakachapisha matokeo mwaka 2006 katika jarida la Science. Wa miaka mitano waliosoma Montessori waliwazidi wenzao katika kutambua herufi na maneno, katika hesabu, na katika kusuluhisha ugomvi kwa kutaja haki. Wa miaka 12 waliandika insha zenye ubunifu zaidi, lakini katika tahajia na alama za uandishi hawakuwazidi wenzao. Hilo nalo lisifichwe.

Shule ile ilikuwa moja tu, na watoto wachache. Mwaka 2025 ulitolewa utafiti mpana zaidi, wa watoto 588 walioomba nafasi katika shule 24 za serikali nchini Marekani, nao ulitumia kura vilevile. Walipofika mwisho wa darasa la awali, waliopata nafasi waliwapita wenzao katika kusoma, kumbukumbu na kujizuia. Gharama kwa mtoto mmoja, kwa miaka mitatu, ilikuwa pungufu kwa takriban dola 13,000, kwani darasa lenye umri mchanganyiko huchukua watoto wengi kwa mwalimu mmoja na msaidizi wake. Dhana ya kuwa mfumo huu ni ghali kwa dhati yake imepata jibu.

Hata hivyo, kura haimfikii asiyeomba. Mtoto hutakiwa aanze akiwa na miaka mitatu au minne, na mama anayefanya kazi ya zamu, asiyepata habari za mwisho wa maombi, hugundua mwanawe akiwa na sita, mlango umekwisha fungwa. Shule iliyofunguliwa ili kuwachanganya watoto yaweza hivyo kujaa wale ambao wazazi wao wana nafasi ya kufuatilia tu. Kwa maoni yetu, kazi ya kumtafuta mzazi huyo mapema ni ya shule, kabla haijapigwa kura yoyote.