Kabla ya kutafuta mwenye sumu, tazama tope



Kambale, yule ambaye wengi hapa Kisangani tunamwita ngolo, ana sifa ya kuwa samaki mgumu. Ni kweli. Juu ya matamvua yake ana kiungo kingine cha kuvutia hewa ya kawaida, njo maana anafika sokoni akiwa hai ndani ya beseni lenye maji kidogo tu. Lakini ugumu huo huo unatudanganya. Maji ya etangi yakiharibika, tilapia anakuonya mapema: asubuhi unamkuta juu ya maji akihema. Ngolo yeye anapanda, anameza hewa, anashuka tena kwenye tope. Wewe unaona maji yametulia, unaongeza chakula. Siku ngolo anapoanza kufa, ubaya umeshakaa majuma mengi.

Nilifika kwenye koperative moja upande wa njia ya Buta ya zamani. Siku sita walikuwa wanatoa ngolo wafu, watatu leo, watano kesho. "Agronomo, kuna mutu amemwanga sumu mu etangi yetu," papa mmoja aliniambia, akimaanisha ile sumu ya majani ambayo watu wanavulia mu mito midogo. Jina la jirani lilikuwa tayari linatajwa, na mkutano wa kumhukumu umepangwa kesho yake. Nikauliza: tilapia wangapi wamekufa? Hakuna hata mmoja. Na viluwiluwi vya vyura? Wapo, wengi kabisa.

Maswali hayo mawili ningependa kila mmoja wenu ayajue, juu kesi za namna hii zinavunja koperative haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Sumu haichagui. Inaangusha samaki wa kila aina na wa kila kimo ndani ya masaa machache, pamoja na viluwiluwi na wadudu wa maji. Hewa ikipungua ndani ya maji, tilapia wanakufa alfajiri, kwa kawaida wakubwa mbele, na ngolo wanabaki. Lakini ukiona wachache wanakufa kila siku, aina moja tu, mara nyingi wa kimo kimoja, huo ni ugonjwa.

Kisha mtazame samaki mwenyewe. Chukua watatu walio hai lakini wadhaifu. Aliyeoza hawezi kukuambia kitu. Usiogope ngolo anayepanda kuvuta hewa na kushuka mara moja, hiyo ni desturi yake. Mgonjwa ni yule anayebaki juu hata kivuli chako kikimpitia, au alevini zinazosimama wima, kichwa juu na mkia chini. Zikisimama hivyo, fungua kifuniko cha matamvua: mara nyingi ni vimelea vidogo au bakteria wameshika pale, na matamvua yamepauka au yamejaa ute.

Gusa ndevu zake. Ndevu njo macho ya ngolo kule chini, na tope bovu linaanza kuziharibu hizo. Zikiwa fupi, zimelika kwenye ncha, usitafute mbali. Mabaka ya kijivu mgongoni au kando ya mdomo ni bakteria wa ngozi. Kitu kama pamba juu ya kidonda ni kuvu, na kuvu anafuata jeraha: alevini wakubwa wanauma wadogo, njo maana ninasisitiza kuzitenganisha kwa kimo kila baada ya majuma mawili. Nukta nyeupe kama chembe za chumvi mwili mzima ni kimelea kingine, anayependa kutokea mvua kubwa ikipoza maji. Madoa mekundu pamoja na tumbo lililojaa maji ni hatari zaidi, ugonjwa umeingia ndani ya mwili.

Tena kuna ile ya kichwa: nyama inavimba pande zote mbili za fuvu, mwishowe fuvu linapasuka. Watu wanasema samaki amepigwa fimbo. Hapana. Ugonjwa huu unahusishwa na chakula kilichopungukiwa vitamini C pamoja na maji mabaya. Unga wa chakula uliokaa miezi mingi kwenye depo yenye unyevu umeshapoteza vitamini hiyo, hata kama bado unanukia vizuri.

Kwa vidonda, kuvu na vimelea vya ngozi, bafu ya chumvi inasaidia: gramu 200 za chumvi kwa bido ya litri 20, dakika 10, ukisimama hapo hapo. Samaki akipinduka, mtoe mara moja. Kwa alevini tumia nusu ya chumvi hiyo. Yule mwenye tumbo la maji chumvi haitamponyesha, mtoe, usimrudishe.

Na kapsuli za tetrasikilini za farmasi, tafadhali, tuziache. Fanyeni hesabu pamoja nami. Etangi ya ari 2 yenye kina cha meta 1 ina litri 200,000. Ukimwaga kapsuli 100 za miligramu 250, umeweka kapsuli moja kwa mapipa 10 ya litri 200. Haiponyeshi. Inafundisha bakteria kuzoea dawa, na dawa ile ile unaihitaji siku mtoto wako akiugua.

Pale njia ya Buta tulichoma mti wa mbambu kwenye pembe ya kulishia. Uliingia karibu mpaka magoti, ukatoka mweusi, na harufu ya yai bovu. Matumbo ya kuku na pumba ya mpunga, miezi yote ile, vilikuwa vinaoza chini, mahali ngolo analala na kula. Mkutano wa kesho yake ulifanyika, lakini ukawa wa kugawana majembe. Jirani naye alikuja na lake.

Kazi yenyewe ni hii: toa maji, toa tope leusi (peleka kwenye shamba la ndizi, litafaa), kisha mwaga chokaa ya moto kilo 10 hadi 15 kwa kila ari wakati chini bado kuna unyevu. Linda macho na mikono. Ngoja majuma mawili kabla ya kujaza maji. Majivu ya kuni yanapunguza ukali wa maji yetu haya ya msitu, lakini hayaui vimelea sawa na chokaa. Samaki waliokufa wazikwe mbali na maji. Hawauzwi.

Baada ya hapo, shusha chakula ndani ya kitunga mpaka chini, ukivute baada ya nusu saa. Kikibaki kitu, kesho punguza.

Wavu wa kuazimana unabeba ugonjwa kutoka etangi mpaka etangi: uoshe, uanike juani mpaka ukauke kabisa. Na alevini kutoka mtoni au kwa muuzaji usizimwage siku hiyo hiyo pamoja na zako. Zikae majuma mawili au matatu kwenye kishimo cha pembeni ambacho maji yake hayashuki kwenye etangi kubwa, na kila asubuhi uzitazame ndevu.