Zekreet: bahari iliyogeuka jiwe

Hapa Abu Hamour, Ijumaa ikifika watoto wanataka mol tu. Majira ya baridi yaliyopita nilikataa. Baada ya sala tulipakia chupa ya chai na maandazi, tukashika njia ya Dukhan kama kilomita 80 mpaka Zekreet, magharibi ya Qatar. Wengi hudhani ni kisiwa. Ni rasi, bahari imeizunguka pande tatu.

Utakachokiona kwanza ni mawe yaliyosimama kama uyoga. Juu pana tabaka gumu la chokaa, chini tabaka laini. Upepo wenye mchanga humega lile la chini, kichwa kikabaki. Mawe hayo yalijengeka chini ya bahari ya kina kifupi enzi ya Miosini, zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita, ndiyo maana ukiinama unakuta alama za kombe na konokono wa pwani. Mama, aliyekulia Mji Mkongwe, alilipapasa jiwe moja akauliza, "Hili si la ukuta wetu?" Hakukosea sana. Nyumba za kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nayo yalikuwa bahari, ila ni machanga kuliko haya.

Ndani zaidi jangwani, mchongaji wa Kimarekani Richard Serra alisimamisha mabamba 4 ya chuma mwaka 2014, kwenye mstari unaozidi kilomita 1. Marefu yake hayalingani kwa kuwa ardhi inapanda na kushuka, lakini vilele vyote viko kimo kimoja. Nilidhani ni vyuma vya kutu tu, mpaka niliposimama katikati nikaona jangwa nililoliita tambarare lina mabonde.

Jihadharini na sabkha karibu na ufuo: juu ganda la chumvi, chini tope. Gari letu lilizama saa mbili, maji ya kunywa yamebaki chupa moja, na mama ana presha. Bwana mmoja wa Kiqatari akatuvuta kwa kamba, Mungu amlipe. Nendeni gari mbili, na si wakati wa joto.

Eneo hili limo katika hifadhi ya Al Reem, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2007, kwa hiyo visukuku haviokotwi. Usiku, nilipofua suruali ya mwanangu, nilikuta kombe la jiwe mfukoni. Ijumaa ijayo tunalirudisha.